Anayetulipa Kila Mwezi Anatudai Nini?

Kwa miezi kumi na moja niliishi kwa jina la mtu mwingine kila usiku, kuanzia saa tatu hadi saa sita. Mtu huyo ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye husimulia hadithi za mapenzi na za kutisha kwa Kiswahili na kuzirusha mtandaoni sehemu baada ya sehemu. Sisi ni watoto wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambao Kiswahili ni lugha ya barazani, sokoni na nyumbani, kwa hiyo kusimulia kwake hakukumshangaza mtu. Kilichowashangaza wazee ni kwamba watu walimlipa.

Sehemu za mwanzo za kila hadithi alizitoa bure. Aliyetaka kusikia mwendelezo mapema alilipa faranga 5,000 kwa mwezi kwa njia ya simu, akaingizwa katika kundi la WhatsApp ambalo kaka aliliita "Familia". Ndani ya Familia, sehemu mpya ilitoka siku mbili kabla ya wengine kuipata. Kila Jumamosi kaka alitaja kwa sauti majina ya waliolipa, na kila mwanafamilia aliruhusiwa kumwandikia faragha. Hapo ndipo nilipoingia mimi. Ujumbe ulipozidi uwezo wake, aliniomba nimsaidie kujibu, naye akawa ananilipia bando na nauli ya chuo. Nilijibu kwa simu yake, kwa jina lake, kwa maneno aliyozoea kuyatumia. Hakuna aliyejua.

Mmoja wa wachangiaji hao alikuwa mwanamke anayefanya kazi za ndani mjini Muscat, Oman. Nitamwita dada wa Muscat, kwa kuwa jina lake si langu kulitoa. Yeye hakutoa 5,000. Alitoa 30,000, zikipitia kwenye simu ya mdogo wake aliyebaki Bujumbura. Aliandika usiku, akishamaliza kuosha vyombo. Alieleza habari za bibi wa nyumba anayofanyia kazi, za miguu yake inayovimba, za mwanawe wa mwisho aliyeugua malaria huku yeye yuko mbali. Usiku ule wa malaria nilikaa naye hadi saa saba. Nilimwandikia maneno mazuri, na niliyamaanisha. Wiki chache baadaye akaandika: "Kaka, mwezi huu nimemwambia mdogo wangu akutumie wewe kwanza, kinachobaki apeleke kwa watoto. Usinicheke. Wewe ndiye unayenijua."

Sikulala. Asubuhi nilimpelekea kaka simu. Alisoma, akanyamaza, kisha akasema: "Mdogo wangu, sikumlazimisha mtu. Mimi nampa hadithi, yeye ananipa pesa. Mtu akienda kwa kinyozi akamsimulia matatizo yake yote, kinyozi ana kosa gani?"

Swali la kaka ni zito, na insha hii ni jaribio la kulijibu kwa haki. Mtayarishaji wa maudhui mtandaoni, awe msimulizi, mchekeshaji, mwalimu wa mapishi au mchambuzi wa mpira, anapokea pesa kutoka kwa watu wanaompenda. Je, watu hao ni wateja wake, wafadhili wake au rafiki zake? Na kwa kupokea pesa zao, anawadaiwa nini zaidi ya maudhui yenyewe?

Tuanze na jibu la kaka, kwamba hii ni biashara. Jibu hili lina heshima yake, nami sitalidharau. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Msimulizi hula, hulipa kodi ya nyumba, hununua maikrofoni. Kumlipa ni kukiri kwamba jasho lake ni jasho. Tena kumchukulia mchangiaji kama mteja ni kumheshimu kama mtu mzima: anajua pesa yake, anajua anachokitaka, akichoka anaondoka. Anayesema kwamba wachangiaji wote ni wajinga wanaoibiwa hajawahi kukaa nao. Wengi katika Familia walikuwa hivyo hasa. Walilipa, wakasikiliza, wakacheka, wakalala. Hawakuandika neno hata moja, na mimi sina la kujilaumu mbele yao.

Lakini jibu la biashara linashindwa kueleza jambo moja dogo la hesabu. Dada wa Muscat alilipa mara sita ya bei, akapata hadithi ileile waliyoipata wengine. Hakuna mtu anayekwenda dukani akalipa kilo sita za unga na kurudi nyumbani na kilo moja, mwezi baada ya mwezi, bila kulalamika. Zile faranga 25,000 za ziada zilikuwa zinalipia kitu kingine. Sisi tulijua kwamba kuna kitu kingine, maana jina lake tulilitaja la kwanza kila Jumamosi, na mimi niliagizwa nisichelewe kumjibu. Kwa hiyo hata kaka mwenyewe hakuamini kwamba anauza hadithi tu.

Mfano wa kinyozi nao hausimami vizuri. Kinyozi husikiliza kwa masikio yake mwenyewe. Hamweki mtu nyuma ya pazia aitikie kwa sauti yake. Na mteja anapoinuka kitini, anajua amelipia kunyolewa, na mazungumzo yalikuwa ya bure.

Jibu la pili ni kwamba pesa hii ni zawadi. Majukwaa mengi yamelichagua jina hilo makusudi: mtu hutuma "zawadi" yenye picha ya ua au ya simba, wala hasemi kwamba amelipa. Nasi tuna methali inayolisifu jambo hilo: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ikiwa ni zawadi, basi mchangiaji hadai kitu, na kaka hadaiwi kitu. Ametoa kwa moyo wake, Mungu atamlipa.

Hapa ndipo lazima tuwe waangalifu. Marcel Mauss, mwanazuoni wa Ufaransa, katika insha yake mashuhuri kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925, alionyesha kwamba katika jamii nyingi alizozichunguza zawadi huja na wajibu wa aina tatu: wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Sisi wa Burundi hatuhitaji kusafiri mbali ili kumwelewa. Babu zetu walikuwa na ubugabire. Mtu alimpa mwenzake ng'ombe, na ng'ombe yule akawa kamba. Aliyepokea alibaki na deni la heshima na la huduma kwa aliyempa, na aliyetoa alibaki na wajibu wa kumlinda aliyepokea. Mfumo huo ulikuwa na dhuluma zake, nami siuombi urudi. Nautaja kwa sababu unaonyesha kwamba mtu akisema "ni zawadi tu" hajalifuta deni. Amelibadilisha sura.

Zaidi ya hayo, sisi hatukuzichukulia pesa zile kama zawadi. Kaka alikuwa na daftari lenye mistari: jina, kiasi, tarehe. Ambaye hakulipa hadi tarehe 5 aliondolewa katika Familia bila kuulizwa kama amefiwa au ni mgonjwa. Zawadi haina tarehe ya mwisho. Ilipokuja habari ya kupokea, tuliita zawadi. Ilipokuja habari ya kudai, tuliita ada. Hii ndiyo hila ambayo nadhani wengi katika kazi hii wanaifanya bila hata kujua: jina la uhusiano linabadilika kufuata faida ya anayepokea.

Jibu la tatu ni la dada wa Muscat mwenyewe. Kwake yeye huu ulikuwa urafiki, au hata undugu. Alimwita kaka yangu "kaka" kwa maana ileile ninayomwita mimi.

Aristotle aliwahi kulichambua jambo hili karibu miaka 2,400 iliyopita, na nashangaa jinsi maneno yake yanavyotuhusu. Katika kitabu chake cha maadili anagawa urafiki katika aina tatu: ule wa manufaa, ule wa starehe, na ule wa watu wanaopendana kwa ajili ya wema wao. Aina mbili za kwanza si dhambi. Mtu anaweza kuwa na rafiki wa biashara na rafiki wa kucheka naye, na wote wakafurahi. Ugomvi, anasema, huja pale kila mmoja anapopata kitu tofauti na alichokitamani. Anatoa kisa cha mpiga kinubi aliyeahidiwa kwamba kadiri atakavyoimba vizuri ndivyo atakavyolipwa zaidi. Akaimba. Asubuhi alipodai malipo yake, aliyemwahidi akamjibu kwamba amekwisha kulipwa: amepewa raha kwa raha, yaani raha ya kutarajia. Aristotle anasema kama wote wawili wangetaka raha tu, hesabu ingekuwa sawa. Lakini mmoja alitaka raha na mwingine alitaka malipo. Mmoja amepata alichokitaka, mwingine amepata maneno.

Geuza kisa hicho upate chetu. Katika Familia, mwenye kuimba ndiye aliyelipwa pesa taslimu, na mwenye kulipa ndiye aliyelipwa raha ya kutarajia. Alitarajia kwamba kuna mtu anayemjua.

Baadaye katika kitabu hichohicho Aristotle anasema jambo kali zaidi. Mtu akidhani kwamba anapendwa kwa tabia yake, na mwenzake hakufanya lolote la kumfanya adhani hivyo, ajilaumu mwenyewe. Lakini akiwa amedanganywa kwa kujifanya kwa mwenzake, ana haki ya kumlaumu, tena kuliko anavyolaumiwa mtu anayeghushi sarafu, kwa sababu kilichoghushiwa ni cha thamani zaidi ya sarafu. Niliposoma sehemu hiyo darasani mwaka wa pili, mhadhiri alikuwa akizungumzia wanasiasa. Mimi nilikuwa naiona simu ya kaka.

Hapo basi tunafika kwenye kiini cha swali. Je, dada wa Muscat alijidanganya mwenyewe, au alidanganywa? Na mpaka uko wapi kati ya mtayarishaji anayependwa kupita kiasi bila kosa lake na mtayarishaji anayeghushi?

Nadhani mpaka huo tunaweza kuuona tukitazama jinsi watu wetu walivyowalipa wasanii kabla ya simu hizi. Katika taarabu ya Zanzibar na mwambao, msikilizaji aliyeguswa na wimbo huinuka, hucheza taratibu hadi mbele, humtunza mwimbaji noti mkononi, kisha hurudi kitini. Wote wanaona nani ametoa. Mara nyingi wanajua hata kwa nini ametoa, na ni nani aliyekaa kiti cha tatu ambaye ujumbe wa wimbo unamwendea. Ng'ambo ya pili ya ziwa letu, Kongo, kuna mabanga. Libanga ni jiwe kwa Kilingala, na "kutupa jiwe" ni kumtaja mtu ndani ya wimbo. Mfanyabiashara au mkubwa fulani humlipa mwanamuziki ili jina lake liitwe katikati ya gitaa. Sisi Bujumbura tumecheza nyimbo hizo katika harusi zote, tukasikia majina ya watu wa Kinshasa na Brussels ambao hatutawaona kamwe. Mwimbaji analitamka jina kana kwamba linamtoka moyoni.

Je, huo ni udanganyifu? Hapana. Kila anayesikiliza anajua kwamba jina limelipiwa. Mwenye jina anajua, mwimbaji anajua, mpiga ngoma anajua. Sifa zile ni za kulipiwa na zinasikilizwa kama sifa za kulipiwa. Mtu anaweza kusema zinaharibu muziki, na huo ni mjadala mwingine, lakini hazimwibii mtu ukweli. Kinachozilinda ni kwamba zinafanyika hadharani na kanuni zake zinajulikana na wote.

Kaka alipotaja majina Jumamosi, alikuwa anatupa mawe kama Wakongo, na mchezo ulikuwa safi. Lakini ujumbe wa faragha wa saa tano za usiku hauna hadhira wala kanuni. Hakuna aliyekaa pembeni wa kumwambia dada wa Muscat: "Mwenzangu, hivyo ndivyo anavyowaandikia wote." Hakuna desturi ya bibi wala babu inayosema neno "nakukumbuka" lina maana gani likitumwa kwa mtu aliyelipa 30,000. Pale ambapo hakuna desturi, anayejua zaidi ndiye mwenye wajibu wa kusema.

Na ni wazi nani anajua zaidi. Mwaka 1956, wanasayansi ya jamii wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, walieleza jinsi watazamaji wa televisheni na wasikilizaji wa redio wanavyojenga hisia ya kumjua mtangazaji kana kwamba ni jirani. Walisema uhusiano huo ni wa upande mmoja, na mtangazaji ndiye anayeuongoza. Siku zile angalau upande huo mmoja ulionekana. Mtazamaji alijua kwamba televisheni haimjibu. Leo inajibu. Inasema "asante, dada", inatuma ua jekundu, inaulizia hali ya mtoto. Jibu hilo linafunika ule ukweli kwamba uhusiano bado ni wa upande mmoja: yeye anamwona mtu mmoja, na sisi tunaona orodha.

Hii ndiyo hoja yangu. Kumpokea mtu pesa kwa sababu anakupenda si kosa. Kosa ni kumwacha aamini kwamba yumo katika uhusiano wa aina moja huku wewe unaishi kwa faida ya uhusiano wa aina nyingine, na wewe ndiye pekee unayeziona zote mbili. Mtayarishaji anadaiwa maudhui aliyoyaahidi, kwa kuwa ahadi ni deni. Zaidi ya hayo anadaiwa ukweli juu ya uhusiano wenyewe, na deni hili linakua kadiri mchangiaji anavyotoa zaidi.

Najua pingamizi zinazoweza kuletwa, nami nitazijadili tatu.

Ya kwanza ni kwamba sanaa yote ni udanganyifu mtamu. Msimulizi anapolia kwa sauti ya mjane, si mjane. Kweli, lakini msikilizaji wa hadithi ameingia mlangoni akijua kwamba ni hadithi. Anaweza kutoka akacheka. Dada wa Muscat hakuwa na habari kwamba yeye mwenyewe ametiwa ndani ya hadithi. Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1785, alieleza kwamba anayedanganywa kwa ahadi ya uongo hawezi kuwa amekubali anavyotendewa, kwa sababu kitu chenyewe cha kukubali amefichwa. Mtu anaweza kukubali kuchezewa mchezo wa kuigiza. Hawezi kukubali mchezo asioujua kuwa ni mchezo.

Ya pili ndiyo inayonigusa zaidi: wema wangu ulikuwa wa kweli. Usiku wa malaria nilimwombea yule mtoto. Maneno niliyoandika yalimpa nguvu. Je, wema uliotolewa kwa jina la mtu mwingine si wema? Nimelifikiria hili sana, na jibu langu ni kwamba ulikuwa wema, lakini ulikuwa kama wema wa mtu anayefungua barua asiyoandikiwa kisha akaijibu vizuri. Alisema siri zake kwa mtu mmoja, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao. Siri ni ya watu wawili, nasi tulikuwa watatu. Kisha akachukua uamuzi juu ya chakula cha watoto wake akiutegemeza kwa mtu ambaye, kwa namna alivyomdhania, hakuwepo. Uzuri wa maneno yangu ndio uliofanya uongo ule uwe na nguvu.

Ya tatu ni ya kaka: akisema ukweli, atakosa mkate. Sitaichukulia kirahisi pingamizi hii, maana nauli yangu ilitoka katika mkate huohuo. Tena naye alikuwa anaumia. Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, alieleza jinsi kazi ya kutabasamu kwa mshahara inavyomfanya mtu asijue tena tabasamu lake ni lipi. Kaka alikuwa amefika huko. Alikuwa anaamka saa nane za usiku kutazama simu, akiogopa nani amekasirika kwa kutojibiwa. Mtu aliyewaambia watu sitini kwamba ni ndugu zake atadaiwa undugu na watu sitini. Kwa hiyo ukweli usingemwokoa dada wa Muscat peke yake. Ungemwokoa na kaka pia.

Niongeze kwamba kuna mhusika mwingine katika uhusiano huu ambaye mara nyingi haonekani, nalo ni jukwaa. Desemba 2017, kampuni ya Patreon ya Marekani, ambayo watu huitumia kuwalipa wasanii kila mwezi, ilitangaza kuwatoza wachangiaji asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango. Aliyekuwa anatoa dola 1 angelipa karibu dola 1 na senti 38. Wachangiaji wengi walijitoa, na baada ya takriban wiki moja kampuni iliomba radhi na kuufuta mpango huo. Mwaka 2022, uchunguzi wa BBC ulionyesha familia za Wasyria waliokimbia vita wakiomba zawadi mubashara kwenye TikTok, na ukakuta kwamba hadi asilimia 70 ya thamani ya zawadi ilikatwa njiani. Kampuni ilisema makato yake ni madogo zaidi ya hayo. Vyovyote iwavyo, mtoaji aliyedhani anaweka mkate mkononi mwa mtoto hakujua ni kipande gani kinachofika. Mtayarishaji anayejua makato hayo na kunyamaza ameshiriki kuficha.

Ukweli ninaoudai unamlinda mtayarishaji upande wa pili pia, kwa sababu wako wachangiaji wanaodhani kwamba wamemnunua. Tulikuwa na bwana mmoja ambaye, msichana Zaituni alipokufa katika sehemu ya 22, aliandika: "Nimelipa miezi minane. Zaituni hafi." Alitaka afufuliwe. Tulicheka, lakini kaka alikaa siku mbili akifikiri jinsi ya kumfufua. Kama tungekuwa tumesema tangu mwanzo kwamba pesa hii inanunua kusikia mapema, wala hainunui usukani wa hadithi, bwana yule asingekuwa na la kudai.

Katika matendo basi, mtayarishaji mwaminifu afanye nini? Aandike wazi pesa inanunua nini na hainunui nini. Atumie kwa uangalifu maneno kama "familia", "ndugu" na "nakupenda", ambayo kwetu si mapambo, kwani mtu akiitwa ndugu hufika msibani. Asimfiche anayejibu. Ziko kampuni zinazoajiri watu kuandikiana na wateja kwa niaba ya watayarishaji, na sasa ziko programu za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo bila kuchoka. Kilichokuwa dhambi ya mdogo mtu kwa simu ya kaka yake kinageuka kuwa kiwanda. Na mwisho, aweke kikomo. Akiona mtu anatoa kupita uwezo wake, amrudishie. Muuza duka hana wajibu huo kwa kila mteja, lakini aliyejiita kaka anao.

Nitasema tulichofanya, ingawa sijui kama kinatosha. Baada ya siku kadhaa za kubishana, kaka alirekodi ujumbe kwa Familia nzima. Alisema kwamba ujumbe wa faragha ulikuwa ukijibiwa na watu wawili, na mmoja wao ni mdogo wake wa kike. Alisema hatapokea zaidi ya 5,000 kutoka kwa mtu yeyote. Jina la kundi alilibadilisha, akaliita "Wasikilizaji". Watu tisa waliondoka, na wawili kati yao walimtukana. Mapato yalipungua, na mimi sasa nakwenda chuo kwa miguu siku tatu za wiki.

Dada wa Muscat kaka alimpigia mwenyewe, akamweleza, kisha akamtumia mdogo wake zile 25,000 za mwezi ule. Hakusema kitu. Aliondoka katika kundi usiku uleule. Wiki tatu baadaye uliingia ujumbe mmoja kwenye simu ya kaka: "Nani kati yenu alikuwa na mimi usiku ule mtoto alipougua?"

Kaka alinipa simu. Niliandika kwamba ni mimi, nikaandika jina langu, na nikaomba msamaha. Alama mbili za buluu zilionekana palepale. Hadi ninapoandika insha hii hajajibu, na sidhani kwamba ananidai jibu lolote zaidi. Lile moja alilokuwa akinidai kwa miezi kumi na moja, yaani ni nani anayezungumza naye, nimelilipa kwa kuchelewa.